Moja, Mbili, Tatu Inakuja

Haika mwanangu,

Naandika nikiwa dukani, saa tisa alasiri, na mlango nimeufunga nusu ili wateja wadhani sipo. Wewe na mama yako mmepanda Old Moshi kumuaga baba yako mdogo, na ninavyomjua hatawaacha mteremke kabla hamjala, kwa hiyo nina kama saa tatu. Nimepanga kuisokomeza barua hii kwenye mfuko wa ndani wa begi lako, usiione mpaka kesho ukiwa kwenye basi na Himo umeshaipita, mahali ambapo hata ukikasirika huwezi kushuka ukanirudia. Ndiye baba yako huyo, mzoee.

Mambo ya kula, kulala, kanisa la kusali na nani atakupokea Dar mama yako ameshayasema. Atayasema tena leo jioni, na kesho alfajiri stendi atayapitia kwa mara ya mwisho. Mimi nina jambo moja tu, na nimejaribu kulisema tangu Jumatano. Jana ulipokuwa unakunywa chai nilifungua mdomo kabisa, likatoka swali kama umebeba sweta. Sweta, Dar es Salaam. Ulinicheka, na mimi nikacheka, likapita.

Jambo lenyewe ni hili. Nimeigusa albamu yako. Uliponipa ile diski Jumatatu ulisema, "Baba, sikiliza tu kwenye spika kubwa uniambie besi imekaaje. Usiguse kitu." Nimegusa. Nyimbo zote kumi. Na Jumatatu ijayo utakaa mbele ya watu wanaotaka kuitoa Desemba, utabonyeza, na kitakachosikika sicho ulichokitengeneza.

Nimeinuka nikaenda mpaka mlangoni nikarudi. Kuna mtu alikuwa anachungulia, anataka redio yake. Nimemwambia aje kesho, ingawa kesho sitakuwepo. Tuendelee.

Nitakueleza nilichofuta. Lakini kwanza nikueleze nilivyofanya jambo hilohilo mara ya kwanza, kabla hujazaliwa. Si kujitetea. Nataka tu ujue mkono huu umeanzia wapi.

Unajua nilikuwa na studio. Unayajua yale mambo ya kuchekesha: chumba kimoja hapahapa Pasua, trei za mayai ukutani, maiki tumeifunga soksi, kompyuta iliyozima kila jirani alipowasha pasi. Nimekusimulia mara nyingi, na kila mara nimeishia kwenye soksi kwa sababu hapo watu wanacheka. Sijawahi kukuambia kuhusu panga la bibi yako.

Siku hizi mnaita tegi. Sisi tuliita saini: ile sauti fupi mwanzoni mwa wimbo, kabla mtu hajaanza kuchana mistari, inayomwambia msikilizaji biti hii imetoka kwa nani. Maprodyuza wa Dar walikuwa nazo. Huyu ana mwanamke anayetaja jina lake, yule ana king'ora. Mimi sikuwa na kitu. Jumamosi moja nilipanda nyumbani nikamkuta bibi yako nyuma ya jiko anawakatia ng'ombe migomba. Unaukumbuka ule mkao wake, mguu mmoja mbele, gogo chini. Anapiga mara mbili harakaharaka, halafu anauzungusha mgomba kwa mkono wa kushoto, halafu pigo la tatu linashuka. Tu-tu, kimya kidogo, tu. La tatu linachelewa. Hata ukisema sasa hivi litashuka, linachelewa tena kidogo, kisha linatua.

Nilichukua redio kaseti ya ndani nikaifunika na kanga yake kwa ajili ya upepo, nikarekodi upande mzima. Akaniuliza nafanya nini na kanga yake. Nikamwambia kazi.

Haika, ile sauti ilinipa jina. Kila wimbo uliotoka kwangu ulianza na panga. Vijana wa Pasua waligonga meza za mama ntilie hivyo wakisubiri chai, tu-tu, wanakaa, tu. Redio moja ya hapa ikapiga wimbo wetu, halafu wa pili. Bibi yako akawa anaiwasha redio jikoni mchana kutwa, yeye ambaye alikuwa anaiwasha kwa ibada na matangazo ya vifo. Mimi sikujua. Niliambiwa baadaye sana, na mwanamke aliyekuwa anapeleka naye maziwa kituoni, kwamba mama alikuwa anawanyamazisha wenzake wimbo ukianza. Panga likipita anawaambia, "Huyo ni mimi," kisha anawaruhusu waendelee kuongea.

Ndipo akaja Kulwa. Unamjua kama yule mzee wa trekta tunayesalimiana naye haraka. Baba yake alitoka Shinyanga kuja kukata miwa kule chini mashambani, na Kulwa alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi. Alikuwa anachana mambo ambayo hakuna mtu wa mlimani aliyekuwa anayajua: masizi ya miwa ikichomwa yanavyodondokea nguo zilizoanikwa, mama yake anazifua upya, jioni wanachoma shamba lingine. Tulitengeneza nyimbo kumi na mbili. Nakuambia kama prodyuza, si kama baba: zilikuwa nzuri. Mwanzoni mwa Novemba zilikuwa zimekwisha. Ilibaki kutoa kanda tu.

Na mpango wetu ulikuwa Desemba. Wewe umezaliwa hapa, sina haja ya kukueleza Desemba. Kila mtu anarudi, Dar inahamia mlimani, magari yanapanda mpaka usiku wa Krismasi, kila nyumba inachinja, na vijana wa mjini wanakaa kwenye magari ya kaka zao wakitafuta kitu kipya cha kusikiliza. Ukiwapa kanda tarehe ishirini, tarehe tano Januari iko Sinza, iko Mwanza, iko kila mahali walikorudi. Hatukuwa na njia nyingine ya kufika huko, wala hatukuihitaji.

Katikati ya Novemba akapita prodyuza mmoja wa Dar, amekuja kwenye msiba wa ndugu. Tukamkaribisha studio. Tukampigia wimbo wa kwanza. Panga likapita. Akasema, "Hii nini sasa? Mnamkatia ng'ombe majani?" Chumba kizima kikacheka. Hata Kulwa alitabasamu kidogo, kwa adabu.

Na mimi nilicheka, Haika. Nilicheka kuliko wote. Nikasema ni jaribio tu, tutaiondoa.

Alipoondoka nikaanza kuitoa. Nilikuwa nimeipanga ndani ya biti zenyewe, kwa hiyo kuitoa kulikuwa kama kung'oa mlango bila kubomoa ukuta. Nikaweka mlipuko kutoka kwenye CD ya sauti za sinema. Ukawa mkubwa mno, nikabadilisha. Nikaweka kioo kinavunjika. Nikarudia ngoma za wimbo wa nne. Kulwa alikuwa anakuja kila jioni kutoka kazini, masizi bado kwenye kola, anasimama mlangoni. "Kaka, watu wanaanza kupanda wiki hii. Toa kanda." Namwambia bado kidogo. "Kaka, ilikuwa imeshaisha." Namwambia hujui muziki. Nilimwambia hivyo, yeye ambaye muziki wenyewe ulikuwa wake.

Kanda zilitoka tarehe tisa Januari. Ulishawahi kuuona mji huu tarehe tisa Januari? Watu wameshateremka. Kulwa alikaa stendi siku nne na maboksi, akiuangalia upande wa Dar. Siku ya tano aliniletea yaliyobaki, akayaweka sakafuni taratibu, akasema, "Panga lilikuwa zuri." Alirudi kwenye miwa na hajachana tena. Siku hizi tunaongea habari za mvua.

Lakini hilo siyo lililonileta kwenye karatasi hii.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea bibi yako kanda moja. Nilitaka sifa, nakuambia ukweli. Aliiweka kwenye redio, akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, bado amevaa nguo za kanisani. Alisikiliza upande wa kwanza wote. Ukaisha akaniambia, "Geuza." Nikageuza. Akasikiliza mpaka mwisho, mpaka ikabaki ile hewa ya kanda tupu. Akanitazama.

"Mbona hujaniweka?"

Nilimwambia mambo ya soko, sijui ladha za watu wa Dar. Hata sikumbuki vizuri. Akasema, "Sawa." Akabadilisha nguo, akaenda nyuma ya jiko. Nikabaki ndani namsikia. Tu-tu, tu. Redio kaseti ilikuwa mezani, ningeinuka hatua nne. Sikuinuka. Ile kanda ya kwanza, ya panga, nilikuwa nimeshaiazima kwaya ya vijana, wamerekodi mazoezi ya Pasaka juu yake. Baadaye zikaja simu, kila mtu anatembea na cha kurekodia mfukoni, na bibi yako aliendelea kuwakatia ng'ombe mpaka wewe ulipofika kidato cha tatu, na bado sikuinuka. Niliona haya kumwomba. Nilidhani nikimwomba atajua nilikosea, kana kwamba alikuwa hajui. Sasa amelala pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, miaka mitatu, na ng'ombe anakatiwa majani kwa mashine.

Ngoja nivute hewa. Kalamu ya kwanza imekata wino, naandika na ile ya risiti.

Sasa Jumanne. Ulikuwa umekwenda Bomang'ombe kumaliza mambo ya kitambulisho. Nikaunganisha diski yako kwenye spika kubwa, nikakaa kwenye stuli, nikabonyeza wimbo wa kwanza. Nikajisikia mimi.

"Moja, mbili… tatu inakuja."

Nilidhani nimeacha maiki wazi mahali. Nikarudisha. Ni mimi, kwenye harusi ya nani sijui, najaribu maiki kama ninavyojaribu kila Jumamosi, na kwa mbali sufuria zinagongana. Ndipo biti yako inaingia. Nikaenda wimbo wa pili, mimi. Wa tatu, mimi. Nyimbo kumi, vijana watano tofauti wanachana, na kila mmoja kabla hajafungua mdomo lazima anipitie mimi.

Ningependa kukuambia nilifurahi. Niliona haya. Nilijisikia lafudhi yangu, mlima wote uko mle ndani, hata kwenye kuhesabu. Nikamwona mtu amekaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi anasema, "Huyu mzee nani sasa, fundi spika?" Nikaona chumba kinacheka. Nikakuona wewe unacheka nao, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya. Hakuna mtu aliyekuwa amecheka, Haika. Chumba hicho nilikijenga mwenyewe, nimekaa peke yangu kwenye stuli.

Mkono haujasahau kazi. Nilifungua nyimbo zote, nikajikata, nikaziba vizuri hata wewe usingeona kovu, nikahifadhi juu ya zile zako. Saa moja na nusu. Nilipomaliza nilijisikia nimekusaidia.

Jumatano asubuhi ulikuja kuichukua. Ukauliza, "Umesikiliza?" Nikasema, "Nimesikiliza. Besi iko sawa." Hukuondoka. Ulisimama pale mlangoni, funguo mkononi, unanitazama. Nikajifanya natafuta bisibisi.

"Basi?" ukasema.

"Basi."

Ukasema sawa, ukaondoka. Na sauti yako ilipotamka ile sawa nikajua ni wapi nimewahi kuisikia.

Hukunipa diski kwa ajili ya besi. Besi ya nini, wewe masikio yako yananishinda mimi. Ulitaka nijikute mle ndani. Ulisubiri siku mbili niseme kitu, na tangu Jumatano unaamini baba yako alijisikia kwenye nyimbo zote kumi akaona la kusema ni besi. Hilo linaniuma kuliko kufuta kwenyewe. Kufuta ni kosa la fundi. Kukuacha uondoke mlangoni hivyo ni kosa la baba, na nimelifanya huku nikijua, kwa sababu nilishawahi kusimama mbele ya kigoda cha bibi yako.

Kuna jambo lingine nililigundua jana, na sijui kama wewe unalijua. Nilikuwa najaribu maiki ya mteja. Nikasema moja, mbili, nikanyamaza, nikasema tatu inakuja. Nikajiuliza kwa nini huwa nanyamaza pale. Nikarudia nikiitazama mikono yangu. Ninaposema mbili, mkono wa kushoto unakwenda kuzungusha kitufe cha sauti, na siwezi kuendelea mpaka umalize. Mbili harakaharaka, nazungusha, la tatu linachelewa. Miaka yote hii nimekuwa nikimpiga bibi yako kwenye spika za harusi za watu kutoka hapa mpaka Bomang'ombe, bila kujua. Na wewe, ambaye hukuwahi kusikia hata kanda moja ya studio yangu, umemwokota ukamweka mwanzoni mwa albamu yako. Mimi nikamfuta mara ya pili.

Sikushauri usiwasikilize wanaocheka. Wengine wanaocheka wana haki yao, na biti yako ya wimbo wa sita ina kitu cha kuchekesha kwenye kile kinanda, tutaongea siku nyingine. Nakuambia tu kilichonipata mimi: kila nilipofuta kwa sababu ya muziki, nilikumbuka nilichofuta. Nilipofuta kwa haya, nilisahau mpaka ikawa haiwezekani kukirudisha. Wewe utafuta vingi huko. Huyo mtu mwenye kiyoyozi yupo kweli, hata kama bado hujakutana naye, na atakapocheka utashangaa jinsi mdomo wako utakavyocheka wenyewe.

Leo asubuhi nilijaribu kurekebisha. Nimejirekodi mara kumi na tisa. Zote ziko kwenye flashi nyekundu, nimeifunga na gundi nyuma ya karatasi hii. Usizitumie. Nimezisikiliza. Kwenye zote nasikika kama mzee wa kanisa anayetangaza sadaka. Kwenye ile ya kwako nilikuwa mtu anayefanya kazi yake na hajui kuna anayemsikiliza. Siwezi kumwigiza mtu huyo, ingawa ndiye mimi.

Sijui kama ile ya mwanzo, uliyonirekodi harusini, bado unayo kwenye simu. Ninyi mnafuta vitu kupata nafasi. Kama unayo, rudisha, kazi ya saa moja na nusu, nimeipima. Kama huna…

Nimeinuka tena. Nimewaona kwa mbali mnateremka njia ya kanisani, mama yako na mkungu wa ndizi ambao bila shaka atataka uubebe mpaka Dar, wewe umetangulia, vidude vyako masikioni. Saa kumi na mbili kasorobo. Mmewahi, nilidhani nina robo saa zaidi.

Nimebadili mawazo kuhusu begi na Himo. Ukiisomea Himo itakuwa nimekwepa tena. Nitakupa mkononi ukifika, na sitakaa kukutazama unasoma.

Nitakachofanya ni hiki. Kesho nina harusi Shirimatunda, na zile spika mbili kubwa sijazijaribu. Nitazitoa uani sasa hivi. Nitafunga nyaya, nitawasha, nitasimama pale kwenye mashine ya kuchanganya sauti nikiutazama ukuta wa jirani, kama ninavyofanya kila Ijumaa, na nitajaribu maiki mara nyingi kadiri itakavyotakiwa, kwa sababu ile ya kushoto ina mkwaruzo na kweli inahitaji kazi. Simu yako iko mfukoni mwako. Usiniambie kitu, wala usije karibu sana, na mwambie mama yako asigonge sufuria, au agonge, maana mle ndani zilikaa vizuri.

Kama hutaki kuniweka, ni albamu yako, na sitakuuliza swali aliloniuliza bibi yako. Desemba nitaiwasha tu nisikilize.

Nitakuwa nimekupa mgongo, mwanangu. Sitageuka.

Baba